Mshenga wa Nikeli

Saa nane usiku, Lira, nyuma ya kinu cha alizeti,
nimeketi juu ya debe lililopinduliwa
nasikiliza bomba la chuma likipumua.
Digrii mia tatu na arobaini.
Ebong kaandika ukutani kwa chaki: USIGUSE,
kisha akaligusa yeye mwenyewe, Jumanne,
na kiganja chake kina ngozi mpya, laini kama ya mtoto.

Ndani ya bomba mna punje za kijivu
ndogo kuliko mtama:
udongo mweupe wa Mutaka ulionyweshwa nikeli.
Udongo ule ule nilioutafuna nikiwa na mimba ya Okori,
nimeufunga kwenye pindo la kitenge,
mkunga ananigombeza.
Sikujua ningekuja kuuchoma,
kuusaga, kuupima gramu kwa gramu.

Mafuta yanashuka, mazito, ya manjano.
Haidrojeni inatoka mtungini,
mtungi uliokuja kwa basi, juu ya magunia ya vitunguu,
kondakta akiambiwa ni gesi ya chai.
Hawajuani hawa wawili.
Mmoja kalelewa juani na nyuki,
mwingine hana harufu, hana rangi, hana kwao.
Ukiwaacha peke yao watatazamana hadi asubuhi.
Punje zinawashika mikono.
Oksijeni inatoka kwa jina la maji,
na kinachobaki ni dizeli.

Ndiyo iliyokuwa kazi ya shangazi Awor.
Ndoa kumi na saba, yangu ikiwamo.
Alikaa katikati ya mkeka,
maneno mengine akayapoza, mengine akayapasha moto,
watu wakaondoka wamekuwa ukoo mmoja,
naye akarudi kwake na paja la mbuzi na mche wa sabuni,
yeye yule, hakupungua, hakuongezeka.
Hivyo ndivyo tulivyosema.

Na vitabu vinasema hivyo:
kichocheo huharakisha mambo, chenyewe kisiliwe.
Vitabu havijawahi kukesha hapa.

Siku ya tisa matone yalitoka na rangi ya chai.
Siku ya kumi na moja hayakutoka.
Nikafungua bomba: punje nyeusi tititi,
masizi yameziba kila kitundu,
na gundi ya mbegu
(hatukuichuja vizuri, tulikuwa na haraka,
wakulima wa Aloi walishaanza kupiga simu)
imejibandika pale pale pa kushikia mikono.

Kila ndoa iliyovunjika walimrudia shangazi.
Walimwaga maneno mlangoni pake.
Nami nilimwaga yangu, mwaka ule, nimembeba Okori mgongoni,
nikaondoka bila kufunga lango.
Siku hizi ukibisha hodi haitikii.

Ebong asema: tupa, tuagize nyingine.
Kwa fedha ipi, Ebong?
Nimefukuza gesi yote, nimezirudisha tanurini.
Hewa kidogo, moto wa taratibu, usio na hasira;
ukizidisha, udongo unapasuka na nikeli inajikunja.
Ni kazi ya usiku kucha.
Huwezi kukiharakisha
kile kinachoharakisha wengine.

Alfajiri. Jogoo wa mlinzi, halafu tone.
Halafu jingine, jeupe kama machozi ya kitunguu.
Tumejaza chupa moja ya soda, haikufika shingoni.
Tukaimimina kwenye jenereta ya kinu,
ikakohoa mara mbili, ikashika.
Ebong kainama kunusa moshi:
hainuki mihogo ya kukaanga, asema,
kama ile tuliyopika kwa magadi mwaka jana,
ile iliyogeuka sabuni nusu.
Hainuki kitu.
Dakika kumi na moja, kisha kimya,
na wanawake wa mashudu wakacheka, wakaendelea kupakia.

Jumapili nitapanda boda hadi Ogur.
Sijui nitasema nini. Nitabisha, nitakaa chini, nitangoja.

Mtungi umebaki robo.
Nimeandika daftarini: punje zile zile, mara ya pili.